Mizani Haipimi Mafuta Pekee

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, nao hawakukosea. Siku hizi haraka hiyo imeingia hata katika jambo la kupunguza mwili. Mtu anaanza mazoezi Jumatatu, Jumatano anataka awe tayari amekonda, na Ijumaa akipanda juu ya mizani na kupata ameongeza kilo moja, basi anaona mambo yote yameharibika. Mmoja atasema, "Ah, hii ni kazi bure!" na jioni hiyo hiyo anarudia chipsi na soda. Mwingine ataamua kujitesa: hali, hanywi maji, hata usingizi haumjii. Wote wawili wamepotoka. Mizani haikuwadanganya. Imesema kweli, ila wao hawakujua ilikuwa ikisema nini.

Je, mizani hupima nini hasa? Jibu ni rahisi. Hupima kila kitu kilicho juu yake. Hupima mifupa, misuli, damu na mafuta. Hupima pia maji uliyokunywa, githeri uliyokula saa saba, mkojo ambao bado hujaenda kuutoa, sweta ya shule na hata viatu. Haina macho ya kutenganisha hiki na kile. Ukipanda ukiwa na mkoba wa vitabu mgongoni, itahesabu na vitabu. Sasa, katika vitu hivi vyote, mafuta ya mwili hubadilika polepole sana, lakini maji na chakula kilicho tumboni hupanda na kushuka kila saa. Ndiyo manake mtu mzima mwenye afya njema anaweza kutofautiana na nafsi yake kwa kilo moja au hata mbili ndani ya siku moja, bila kunenepa wala kukonda.

Hebu tufanye jaribio dogo. Katika somo la Fizikia tumefundishwa kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo ukijipima, ukanywa nusu lita ya maji, kisha ukajipima tena, utakuwa umeongeza nusu kilo papo hapo. Je, umenenepa? La hasha! Baada ya muda utaenda msalani na nusu kilo hiyo itaenda zake.

Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, daktari mmoja wa Italia aliyeitwa Santorio Santorio, ambaye alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Padua, alijitengenezea kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani. Kwa muda wa miaka 30 hivi alijipima mwenyewe, akapima alichokula, alichokunywa na hata choo chake. Mwaka 1614 alichapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Alikuta kwamba vilivyotoka chooni vilikuwa na uzito mdogo kuliko vilivyoingia kinywani. Sehemu kubwa ilikuwa imetoweka bila kuonekana! Leo twajua kwamba mwili hupoteza uzito kila dakika kupitia pumzi na mvuke unaotoka kwenye ngozi. Ndiyo sababu unaweza kulala usiku kucha bila kwenda msalani, na bado ukaamka mwepesi kidogo kuliko ulivyolala.

Sasa natuzitazame sababu zinazofanya kilo zije na kwenda.

Kwanza ni chakula chenyewe. Chakula hakipiti mwilini kwa saa moja. Huchukua kama siku moja hadi tatu kutoka kinywani mpaka kitoke. Mtu aliyekula sahani mbili za ugali na sukuma wiki amebeba mzigo huo tumboni, na mizani itauhesabu.

Pili ni chumvi. Chumvi hushika maji. Lita moja ya ile dripu ya maji ya chumvi ambayo wagonjwa hutundikiwa hospitalini huwa na gramu 9 za chumvi, kwa sababu kiwango hicho kinakaribiana na chumvi iliyomo katika damu yetu. Basi ukila chumvi nyingi kupita kawaida, unapata kiu, unakunywa, na mwili unayahifadhi maji hayo mpaka figo zimalize kuitoa ile chumvi ya ziada. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja kidogo cha chai.

Tatu ni vyakula vya wanga kama ugali, wali, viazi na chapati. Mwili huhifadhi sehemu ya wanga ndani ya ini na misuli kwa umbo liitwalo glikojeni. Mtu mzima anaweza kuwa na kama gramu 500 hivi za glikojeni, na kila gramu moja hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Piga hesabu: nusu kilo ya glikojeni na kilo moja na nusu ya maji, jumla kilo mbili. Mtu anayeacha ghafla kula ugali na chapati huweza kupoteza sehemu kubwa ya kilo hizo katika siku chache za kwanza, naye hujitapa kwa majirani, "Nimepunguza kilo mbili kwa wiki moja!" Pole, rafiki. Nyingi ya hizo ni maji. Siku utakapokula chapati tena, zitarudi mbio.

Nne ni mazoezi. Ukikimbia juani unatoka jasho na mizani inashuka, lakini ukinywa maji inapanda tena. Kwa upande mwingine, mtu ambaye hakuzoea mazoezi makali akiyaanza, misuli yake huuma na kuvimba kidogo, na uvimbe huo ni maji. Kumbe mtu anaweza kuongeza uzito katika wiki ile ile aliyojibidiisha zaidi!

Tano, na hii ni yetu sisi wasichana, ni siku za mwezi. Siku chache kabla ya hedhi, wengi wetu huhisi miili imejaa na sketi zimebana. Mwili umeshika maji. Hedhi ikianza, yanatoka. Kwa hivyo msichana anayetaka kujua ukweli asilinganishe uzito wa juma hilo na wa juma lililotangulia. Alinganishe na juma kama hilo la mwezi uliopita.

Nitatoa mfano wa shangazi yangu. Daktari alimwambia apunguze uzito kwa ajili ya presha. Shangazi akatii. Wiki nzima alitembea kwa miguu kutoka kazini badala ya kupanda matatu. Jumamosi tukaenda harusi, tukala pilau, nyama ya kukaanga na soda. Jumapili jioni akapita steji kwa yule kijana mwenye mizani, akatoa shilingi kumi, akapimwa na viatu vyake. Kilo moja na nusu zaidi! Alifika nyumbani amenuna.

"Mwanangu, mimi sitembei tena," akaniambia. "Afadhali nipande matatu nifike mapema nipike."

Nikamwuliza, "Shangazi, samahani, jana ulikula pakiti tatu za sukari?"

"Unanitania wewe? Nani anaweza kula pakiti tatu za sukari?"

Hapo nikachukua karatasi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nguvu za kama kilokalori 7,700. Gramu moja ya sukari ina kilokalori 4. Ukigawanya, utaona kwamba ili mtu ajiongezee kilo moja ya mafuta, anahitaji kula karibu kilo mbili za sukari tupu, juu ya chakula chake cha kawaida kinachomtosha! Kwa kilo moja na nusu, ni karibu pakiti tatu za kilo moja moja. Pilau ya sahani mbili haifiki huko hata ikiwa na mafuta namna gani. Nikamwambia, "Hiyo uliyoongeza ni chumvi ya pilau, maji, chakula chenyewe na viatu. Ngoja mpaka Alhamisi asubuhi." Akangoja. Alhamisi ile kilo moja na nusu haikuwepo tena, na jioni yake nikamwona anarudi kwa miguu.

Huenda mtu akauliza, "Mafuta nayo yakipungua, huenda wapi?" Wengi hudhani huyeyuka yakawa jasho. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walieleza hesabu yake waziwazi. Kati ya kilo 10 za mafuta zinazotumiwa na mwili, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama ile hewa ya kabonidayoksaidi tunayoipumua nje, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka maji. Hivyo basi, mafuta huondoka pumzi kwa pumzi. Ndiyo maana hayawezi kuondoka kwa usiku mmoja.

Wenzangu, hapa ndipo penye hatari. Anayetaka mizani ishuke leo leo hana njia nyingine ila kuondoa maji, na maji ni uhai. Mwaka 1997 huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa katika muda wa wiki tano hivi wakijaribu kupunguza uzito upesi kabla ya kupimwa. Walivaa mavazi yasiyopitisha hewa na kufanya mazoezi makali mahali penye joto ili watoke jasho. Baada ya vifo hivyo, mavazi ya namna hiyo yalipigwa marufuku katika mchezo huo vyuoni. Msidhani hayo ni mambo ya mbali. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alizimia gwarideni asubuhi. Alikuwa ameshinda siku mbili bila kula, na hata maji alikuwa akiyakwepa, kwa sababu mizani ilimwonyesha kilo moja zaidi. Alihatarisha maisha kwa ajili ya maji ambayo yangetoka yenyewe.

Basi mtu ajipime vipi? Jipime asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya kunywa chai, ukiwa na nguo nyepesi zile zile, kwenye mizani ile ile, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Usitegemee siku moja. Tafuta wastani kama tunavyofanya katika Hisabati. Tuseme mtu, tumwite Bi. Subira, amejipima siku tano kila juma. Juma la kwanza amepata kilo 68.2, 68.9, 67.8, 68.4 na 68.2. Wastani wake ni 68.3. Juma la pili 67.9, 68.6, 68.3, 67.6 na 68.1. Wastani ni 68.1. Juma la tatu 67.5, 67.2, 68.4, 67.9 na 68.0. Wastani ni 67.8. Tazama Jumatano ya juma la tatu: kutoka 67.2 amepanda hadi 68.4! Angeangalia siku hiyo peke yake angelia. Lakini wastani unamwambia kwamba ameshuka nusu kilo, polepole, na yumo njiani.

Tena tukumbuke kuwa sisi bado tunakua. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita anaongeza mifupa na misuli, na uzito wake kupanda kidogo mwaka hadi mwaka ni jambo la kawaida. Asijipimie kwa kipimo cha watu wazima, wala asianze kujikondesha kwa sababu ya maneno ya wenzake. Nanyi mnaowaita wengine majina ya matusi kwa sababu ya miili yao, acheni. Anayehisi ana shida ya uzito na amwone daktari au muuguzi. Vile vile, uzito ukishuka sana bila wewe kutaka, hasa ukiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au una kiu isiyoisha na unakojoa mara kwa mara, nenda hospitalini upesi. Hali kadhalika miguu ikivimba. Hayo si mabadiliko ya kawaida niliyoyaeleza.

Kwa hayo machache, ndugu zanguni, natumaini nimewafaa. Anayepunguza mwili na ale chakula chake kwa kiasi, anywe maji, atembee, apate usingizi, na ahesabu majuma badala ya siku. Kilo moja ikija ghafla, aipe siku tatu nne kabla ya kuilaumu nafsi yake. Bandu bandu huisha gogo.