Fahamu: Beda Amuli, msanifu wa Soko la Kariakoo

Moto wa Julai 2021 katika Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, uliunguza kazi maarufu zaidi ya Beda Amuli.

Ni nani?
Mtanzania aliyesomea usanifu majengo Israel, kisha akafungua ofisi yake mwishoni mwa miaka ya 1960, miongoni mwa za kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Afrika Mashariki.

Soko lina upekee gani?
Lilifunguliwa mwaka 1975. Nguzo zake za zege hutanuka juu kama miavuli iliyopinduliwa: hukinga mvua na kuteremsha maji hadi kwenye matangi ya chini, huku wauzaji wakipata kivuli na hewa.

Kwa nini lilindwe?
Amuli alifariki mwaka 2016. Jengo alilotuachia linathibitisha kuwa usanifu wa kisasa unaweza kuanzia kwenye mahitaji ya wachuuzi wetu.