Majitu ya Steller

Jitu la kwanza ni nguva. Novemba 1741 meli ya Vitus Bering, aliyetumwa na Urusi, ilikwama kwenye kisiwa kisicho na watu mashariki ya Kamchatka. Kiseyeye kilikuwa kimewamaliza mabaharia, na Bering mwenyewe alifia hapo mwezi uliofuata. Georg Wilhelm Steller, daktari na mtaalamu wa viumbe kutoka Ujerumani, aliwatibu waliobaki kwa majani mabichi, huku akiandika habari za kila mnyama aliyemwona.

Nguva wa kisiwa kile aliwashinda kwa ukubwa nguva wote waliopata kuonwa na binadamu. Jike mmoja, Steller alimpima Julai 1742: urefu wake kiasi cha mita 7.5. Uzito hukadiriwa kuwa tani 8 au zaidi. Hakuwa na meno. Mwani aliusaga kwa mabamba magumu kinywani. Mgongo wake ulielea juu ya maji, ikawa rahisi kumpiga chusa. Steller aliandika jinsi dume lilivyorudi ufukweni siku mbili mfululizo kumfuata jike aliyeuawa, na hapo mimi huacha kusoma kwanza.

Hakuna mtaalamu mwingine aliyemwona nguva huyo akiwa hai. Wawindaji wa ngozi za fisimaji wa baharini walimfanya kitoweo, na kufikia 1768 akawa amekwisha. Miaka 27! Mtoto aliyezaliwa siku meli ilipokwama alikuwa bado kijana.

Jitu la pili ni ndege, mnandi wa kisiwani, mkubwa kuliko minandi wote: mmoja alishibisha watu watatu wenye njaa. Naye alitoweka kwenye miaka ya 1850.

Wengine wapo. Simba-bahari wa Steller ndiye mkubwa kuliko sili wote wenye masikio ya nje. Dume hufikia tani moja. Tai wa baharini anayeitwa kwa jina lake, jike hufika kilo 9, mzito kuliko tai wote duniani. Steller hakuyasikia majina hayo: homa ilimuua mjini Tyumen mwaka 1746, akiwa na miaka 37, na kitabu chake cha wanyama wa bahari kikatoka 1751.

Ndugu wa karibu zaidi wa jitu lile aliye hai ni nguva wetu, yule wa mita tatu hivi, ambaye wavuvi wa Rufiji, Mafia na Kilwa bado humwona, mara chache, akila majani ya bahari.