Kupiga wimbo wa Malaika kwa ukulele

Malaika ni wimbo wa mapenzi wa Kiswahili unaowafaa wanaoanza kujifunza ukulele, kwa kuwa unaweza kupigwa kwa kodi tatu tu: C, F na G7. Unahusu kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Kwa Wasukuma, ambao mahari yao ni ng'ombe, hakuna haja ya kuufafanua.

Ukulele ilianzia Hawaii, baada ya wahamiaji Wareno kutoka Madeira kufika na magitaa yao madogo mwaka 1879. Ina nyuzi nne. Kuanzia ule ulio karibu na uso wa mpigaji ni G, C, E na A.

Kwa kodi ya C, kidole cha pete hubana uzi wa A kwenye freti ya 3. Kwa F, kidole cha shahada hubana E kwenye freti ya 1 na cha kati hubana G kwenye freti ya 2. Wengi hukwama wanapotoka F kwenda G7, kwa sababu huinua vidole vyote. Haifai. Cha shahada hubaki palepale. Cha kati huhamia uzi wa C na cha pete hushika A, vyote freti ya 2. Mkono wa kulia uendelee kuhesabu mapigo manne, hata kodi ikikosewa.

Katika miji midogo kama Runzewe, wilayani Bukombe, mkoa wa Geita, gitaa ni rahisi kupata kuliko ukulele. Nyuzi zake nne nyembamba zikibanwa pamoja kwenye freti ya 5 hutoa G, C, E na A, ingawa G huwa ya chini. Penseli iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli hutosha kuzibana. Freti huhesabiwa kuanzia kwenye penseli.

Suala la mtunzi ni gumu kuliko kodi. Mkenya Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ndiye anayetajwa zaidi. Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika, alisema aliutunga mwaka 1945 akiwa Nairobi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa kwenye albamu yao ya 1965, na Boney M. mwaka 1981. Mzozo wa mtunzi haujamalizika.