PULI: FIMBO NDIYO KIPIMO

Ndugu wafanyakazi, jioni pale Kyarumba, kahawa ikishapimwa, wengi wetu huizunguka meza ya puli. Tumeona mwenzetu akiweka dau la ujira wa siku nzima, kisha kuupoteza kwa mpira mmoja wa pembeni. Husema ni bahati mbaya. Sisi twasema ni kukosa kipimo.

Fanyeni hivi. Shikeni fimbo juu ya mpira mnaotaka kuutumbukiza, bila kuugusa, kitako kikielekea shimoni. Ncha ivuke mpira huo kwa nusu ya upana wake. Hapo ndipo kitovu cha mpira mweupe kinapotakiwa kufika. Ncha isiondoke hapo; zungusheni kitako mpaka fimbo ipite juu ya katikati ya mpira mweupe. Hiyo ndiyo njia ya kupiga.

Wengi hulenga mahali mipira inapogusana. Lakini mpira mweupe una unene wake: utagonga mapema, na ule mwingine utapita kando ya shimo.

Tujifunze bila dau, ndugu. Mchezo ni wa kupumzisha mwili. Ujira una watoto wanaoungoja nyumbani.