Tembo wa Idodi ni wa Nani?

Tarafa ya Idodi, iliyo magharibi mwa mji wa Iringa kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, inafaa sana kuchunguzia swali la zamani la wanazuoni wa siasa, yaani kwa nini watu hushirikiana katika jambo moja na kutegeana katika jingine, ilhali ni majirani walewale. Wapo wanaosema ushirikiano ni zao la mila, lakini Idodi Wahehe, Wabena, Wagogo, Wasangu na Wamasai wanaishi pamoja, na mila zao si moja. Kinachoeleza zaidi ni asasi za kisiasa, ambazo hapa si vyama vya siasa tu, bali ni taratibu zote zinazoamua nani ana haki ya kutumia kitu, nani anakisimamia na nani anaadhibu anayekiuka.

Mfano wa karibu ni mfereji wa kumwagilia mpunga. Maji hufika kwanza kwa wenye majaruba ya juu, na aliye mkiani hupata yaliyosalia, kwa hiyo aliye juu, akiachwa afanye apendavyo, hana sababu ya kuziba mchepuko wake usiku ili mwenzake naye apate. Ndiyo maana huwekwa zamu, kamati ya kuisimamia, na faini kwa asiyefika siku ya kuzibua mfereji. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba kanuni za namna hii hudumu pale watumiaji wenyewe wanaposhiriki kuzitunga, wanapoangaliana, na adhabu inapoanza ndogo.

Kwa wanyamapori mambo yalikuwa kinyume. Tangu ukoloni hadi Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, mnyama alikuwa chini ya dola, hivi kwamba tembo aliyemaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja aliacha hasara kwa mkulima, na tembo huyohuyo akiwindwa kwa kibali, pato lilikwenda kwingine. Mwanakijiji aliyemwona jangili akanyamaza alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa.

Hesabu hiyo ilianza kubadilika katika miaka ya 1990, vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga vilipopewa mgawo wa wanyama wa kuwindwa na kuruhusiwa kuuza nafasi hizo, na hasa ulipoanza mwaka 1997, kwa msaada wa Uingereza, mradi wa Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, maarufu kama MBOMIPA. Vijiji 21 viliunda jumuiya yao, vikatenga ardhi na kuweka askari wa vijiji wa kufanya doria, na mwaka 2007 eneo hilo likatambuliwa kisheria kuwa Eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Watu hawakubadilika tabia. Walichopata ni sababu ya kumlinda mnyama.

Hata hivyo asasi mpya ilizaa maswali yake. Halmashauri ya kijiji huwajibika kwa mkutano mkuu, ambao kila mtu mzima anaweza kuhudhuria na kumuuliza mwenyekiti wake ana kwa ana, lakini jumuiya ya vijiji vingi huendeshwa na wawakilishi, na fedha hupita mikono mingi kabla ya kufika kijijini. Tena pato likigawanywa sawa kwa kila kijiji, kilicho mpakani mwa hifadhi, ambako tembo huingia mashambani, hupata kiasi kilekile na kijiji cha mbali. Kanuni za serikali za mwaka 2011 zinatambua kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, na majina yenyewe yanakiri kwamba hiyo si fidia.

Juu ya yote hayo iko Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, inayosema wanyamapori wote ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Kijiji kinaweza kumlinda tembo usiku kucha, lakini kibali cha kumwinda bado hutolewa na serikali.