Utangulizi: Kuutambua Mkono wa Mchoraji

Njia za kuingia katika elimu ya uchoraji ni nyingi. Nimechagua kukupitisha Dar es Salaam, kwenye picha za Tingatinga, kwa kuwa sijui picha nyingine za Afrika Mashariki zinazojulikana sana na kutazamwa vibaya kiasi hiki. Karibu kila Mtanzania amewahi kumwona yule chui mwenye madoa makubwa, tembo wa buluu, ndege wa shingo ndefu aliyesimama kwenye tawi. Lakini mwombe akutajie mchoraji mmoja tu, mbali na yule aliyeuachia mtindo jina lake, na wengi watanyamaza. Nataka ukimaliza somo hili uweze kusimama mbele ya picha na kuuliza: huu ni mkono wa nani, ulifundishwa na nani, na umeongeza nini?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, akatumika nyumbani kwa Mwingereza na baadaye hospitalini Muhimbili. Alianza kuchora kwa ajili ya kuuza mnamo mwaka 1968, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wenye fedha. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine, akafa. Kazi yote ya uchoraji wake, basi, ni ya miaka minne hivi. Muda huo mfupi ndio unaoufanya uwanja huu uwe mgumu na wa kuvutia, maana sehemu kubwa ya kile tunachokiita Tingatinga ilichorwa na watu wengine.

Tuanze na vifaa, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupita haraka. Tingatinga alichora juu ya hadibodi, zile mbao nyembamba zilizokuwa zikitumika kwenye dari, zikikatwa mraba. Rangi yake ilikuwa rangi ya kopo ya kupakia baiskeli na milango. Rangi hiyo hujitandaza yenyewe, hufuta alama za brashi, na ikikauka hung'aa. Ina masharti yake, hata hivyo. Ukijaribu kuichanganya juu ya ubao ikiwa mbichi ili upate kivuli laini, inatiririka na kuchafuka. Mchoraji inambidi atandaze rangi ya nyuma na kuiacha ikauke, achore mwili wa mnyama kwa rangi moja iliyo bapa, asubiri tena, ndipo aweke madoa, manyoya na macho. Uviringo wa tumbo la chui, ambao mchoraji wa chuo angeutafuta kwa kufifisha rangi, hapa unaletwa na madoa yenyewe, jinsi yanavyopangwa na kupungua ukubwa kuelekea kingoni. Wapo walioandika kwamba picha hizi ni za kitoto, kazi ya mtu asiyejua kanuni. Nalikataa hilo kabisa. Mtu aliyejua tabia ya rangi yake kiasi cha kuugeuza udhaifu wake kuwa mapambo alikuwa na kanuni, na alizifuata kwa nidhamu.

Baadaye hadibodi iliacha nafasi kwa kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu, kwa sababu mtalii anaweza kukikunja na kukitia begini. Mabadiliko hayo ya soko yalibadilisha picha: zikawa kubwa, wanyama wakaongezeka, na nyuma yao pakaja rangi mbili tatu zinazoingiliana kama anga la jioni.

Je, Tingatinga mwenyewe alivutwa na nini? Simulizi inayorudiwa mara nyingi ni kwamba aliona picha za Wakongo zikiuzwa Dar es Salaam, akasema moyoni kwamba na yeye anaweza. Wengine huelekeza kusini, kwenye michoro ya kuta za nyumba za Wamakua na Wamakonde, watu wa kwao. Hapa naomba tutulie, kwani ndipo mwanafunzi hujifunza kupima ushahidi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji mjini Lubumbashi, wakati huo Élisabethville. Humo Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka juu ya nyuma iliyojaa nukta na vistari. Mwenze Kibwanga alijenga picha nzima kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Bela alichora kwa ncha za vidole. Weka ndege wa Pilipili kando ya ndege wa Tingatinga na utaona undugu mara moja. Lakini kufanana ni mwanzo wa uchunguzi tu. Lazima tuoneshe picha ilivyosafiri: nani aliileta, iliuzwa wapi, mchoraji angeiona lini. Hadi hapo tulipofika, mimi naipa simulizi ya Kongo uzito mkubwa kuliko ile ya kuta, kwa sababu inaeleza pia wazo la kuchora ubao mdogo na kuuza barabarani. Soma sura zinazofuata kabla ya kukubaliana nami.

Tukija kwa waigaji, tuwe waangalifu na maneno. Wanafunzi wa kwanza walikuwa jamaa na vijana wa kwao: Simon Mpata, ndugu yake, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, January Linda. Walijifunza kwa kunakili, wakajaza madoa kwenye chui wa mwalimu kabla ya kuchora wao. Kunakili kwa namna hiyo ni shule. Kuna pia kunakili kwa ajili ya tumbo: mteja anataka picha ileile aliyoiona kwa rafiki yake, na mchoraji anamchorea. Kisha kuna kughushi, yaani kuandika jina la marehemu kwenye ubao mpya, na ndiyo maana saini pekee haitoshi kuwa ushahidi. Mambo haya matatu huchanganywa kila siku, na kuyachanganya kunawadhulumu mafundi wa kweli. Ndani ya ushirika wa wachoraji ulioundwa mwaka 1990 walikuwapo watu kama Mohamed Charinda, aliyegeuza picha kuwa hadithi za vijijini na za historia. Damian Msagula naye alijaza majani na maua hadi pasibaki upenyo. Na George Lilanga, aliyetoka katika uchongaji wa mashetani wa Kimakonde na kufanya kazi Nyumba ya Sanaa, alizihamishia sanamu zake kwenye rangi. Muda si muda mashetani yale ya masikio makubwa yakaonekana kwenye picha za watu wengine mjini kote.

Wachoraji wa katuni wana suala hilohilo. Philip Ndunguru alipofariki mwaka 1986, wahusika wake wa gazeti la Sani, kina Ndumilakuwili na Lodilofa, waliendelea kuchorwa na wengine. Msomaji alitaka mhusika abaki yuleyule, na kila mchoraji mpya alibeba deni hilo huku mstari wake ukimsaliti.

Ukitaka kuanza leo, chagua mnyama mmoja, tuseme chui, na umfuate katika picha za wachoraji watatu. Tazama mstari wa mgongo kabla ya rangi. Tazama madoa yameanzia wapi, na kama jicho limewekwa mwisho. Kisha, mchoraji akiwapo, muulize kwa adabu alifundishwa na nani na huyo naye alifundishwa na nani, uandike jibu pamoja na tarehe, kwani wengi wa kizazi cha kwanza wameshafariki na sehemu kubwa ya nasaba hii imo vichwani mwa wanafunzi wao. Igeuze picha pia: mara nyingine nyuma ya hadibodi hubaki bei ya kwanza au muhuri wa duka. Sura ya kwanza inaanza na Mpata na Ajaba, wawili waliofundishwa na mtu mmoja.