Mvua moja si mwanzo wa msimu

Kila ifikapo Novemba katika vijiji vya Dodoma na Singida, hutokea mvua moja kubwa ya usiku, na alfajiri watu wote wako shambani na mbegu. Baadaye jua linawaka wiki mbili, miche inakauka, na mkulima anarudi dukani kununua mfuko wa pili. Fedha ya mfuko huo mara nyingi ndiyo iliyotengwa kwa palizi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), iliyoanza kama wakala mwaka 1999 na kuwa mamlaka mwaka 2019, hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza. Wengi wetu tunasikia neno moja tu, kwamba mvua ni za "wastani", tunazima redio. Hata neno hilo lina upana wake: ni kuanzia asilimia 75 hadi 125 ya kiwango cha kawaida cha eneo lako, na wastani wa Dodoma si wa Bukoba. Msimu unaweza kupungukiwa robo nzima na bado ukaitwa wa wastani.

Lenye faida zaidi mfukoni ni kipengele cha lini mvua zitaanza. Kwa TMA, mvua zimeanza zikijikusanya milimita 20 au zaidi ndani ya siku nne mfululizo, angalau siku mbili zikiwa za mvua, na isitarajiwe kupita zaidi ya siku kumi mfululizo bila mvua ndani ya siku 30 zinazofuata.

Sehemu ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke uwanjani mbali na mti na paa, kisha pima maji kwa rula kila siku saa 3 asubuhi na kuyamwaga. Sentimita mbili ndizo milimita 20. Kuhusu siku kavu zijazo, kopo halijui. Hapo sikiliza taarifa za TMA za siku kumi.

Mwenye duka la pembejeo naye afuatilie tarehe hizo hizo. Akiingiza mzigo mapema mno, mtaji unalala stoo. Akichelewa, wateja wanakwenda gulioni. Ila asimuuzie mteja mbegu ya muda mrefu pale utabiri unaposema mvua zitachelewa kuanza na kuwahi kuisha. Mteja huyo mwakani hatakuwa na fedha ya kununua chochote.